Maji ya Kufulia Nguo Nyeupe

9 Februari 1996

Mwanangu Kifimbo,

Salamu nyingi, na nyingine ziweke akiba maana najua hutajibu mapema. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika nikichuchumaa, la kulia linalisikiliza tu. Dada yako muuguzi amehamishiwa wodi ya watoto huko mjini. Anasema hapati usingizi na ananenepa, sijui vinakwendaje pamoja. Jirani yetu muuza maziwa amepata ndama jike, ametangaza mtaa mzima utadhani amezaa yeye. Nguo zinaingia vizuri. Nyumba ya wageni ya barabarani inaniletea mashuka kila wiki, na mwenyewe amekiri kwamba hakuna dobi mwingine anayeyatoa meupe hivi. Nikamwambia si mikono, ni maji. Kwa maji ya chemchemi yetu sabuni kidogo tu inakupa povu la kufunika viwiko.

Umeoa? Naacha nafasi hapa ujibu.

Sasa lililonikalisha kitako. Amekuja bwana mmoja, tunamwita Bwana Ramani kwa kuwa hajaonekana hata siku moja bila ramani kwapani. Kampuni yake inataka bonde lote wajenge uwanja wa gofu. Wenye mashamba ya juu wameshauza na kusherehekea. Kilichobaki ni kipande chetu, alichotuachia babu yako, na hicho ndicho chenye chemchemi. Bila chemchemi hawana uwanja. Kwa hiyo siku hizi mimi ni mtu mkubwa. Naletewa kiti.

Majirani wote wanateka maji hapo, unajua mwenyewe. Hawanikatazi wala hawaniruhusu. Wanasema, "Dobi ana mtoto wake anayefanya kazi hiyo hiyo ya gofu. Amuulize. Akisema ni salama, ni salama." Nami nakuuliza, maana kuuliza si ujinga. Hizo nyasi zinakunywa kiasi gani? Wanazitia nini? Maji yanayotoka chini yake yanakuwaje? Nieleze taratibu, kama unamweleza mtu aliyesomea mashuka.

Shangazi yako.

Nilisahau. Bwana Ramani anasema wakishamaliza watahitaji mtu wa hapa hapa awe mkuu wa nyasi. Nikamwambia simjui mtu kama huyo. Akacheka. Kumbe ameshaambiwa habari zako.

*

21 Aprili 1996

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilibana. Nafasi uliyoniachia nimeiona, bado iko wazi, na naomba iendelee kuwa wazi mpaka nipate chumba changu. Sasa hivi nakaa na fundi mitambo nyuma ya banda la mashine. Ni mtu mwema ila anakoroma kama moja ya hizo mashine zake. Mashati yetu yananuka petroli hata yakitoka kufuliwa. Ningekuwa huko ungenikataza kuingia nayo ndani.

Ndama wa muuza maziwa nimemfurahia. Pole kwa goti. Usichuchumae sana.

Umeniuliza habari za nyasi. Kazi yetu inaanza umande ukiwa bado uko. Wawili tunashika kamba ndefu, mmoja huku na mwingine kule, tunaiburuta juu ya nyasi umande udondoke, maana mashine haipendi majani yaliyolowa. Kisha tunakata. Karibu na shimo lenye bendera nyasi hazizidi unene wa njiti mbili za kiberiti. Ukizikata fupi zaidi zinakufa, ukiziacha ndefu zaidi mpira hautembei na wageni wananuna. Ukipitisha kiganja juu yake utafikiri ni shuka lililopigwa pasi. Wewe ungeipenda kazi hii, Shangazi. Ni kunyoosha tu.

Kuhusu maji, kila nyasi inakunywa, hata hizo za uani kwako.

Bwana Ramani alisema huyo mkuu wa nyasi watamhitaji lini? Na atapewa nyumba, au atakaa kwao?

Mwanao,
Kifimbo

*

12 Mei 1996

Kifimbo,

Marahaba. Sote wazima. Dada yako alikuja siku mbili, akala, akalala, akaondoka. Goti ni lile lile.

Sasa nisikilize. Nimekuuliza habari za maji, umenijibu habari za kiberiti. Nimekulea mimi tangu kaka yangu alipotuachia dunia hii, nikakufunga nepi zilizofuliwa maji hayo hayo ninayokuuliza. Ukianza kuzunguka nakujua. Ulipovunja beseni langu la bati ulinisimulia kwanza habari za paka.

Tulikaa mkutano chini ya turubai la kampuni. Walituonyesha picha za uwanja, kijani kitupu, hata majani ya miti yamekaa kwa adabu. Muuza maziwa akasimama, akauliza, "Ng'ombe wangu watakunywa wapi?" Bwana Ramani akamwambia kutakuwa na bwawa. Akauliza tena, "La ng'ombe?" Bwana Ramani akafungua ramani nyingine. Baadaye muuza maziwa akanifuata hadi kwenye kamba za nguo na kuniambia, "Dobi, mimi na wewe hatujui kitu. Lakini mtoto wako anajua. Atakalosema nitalikubali, maana amekunywa maji haya na maziwa ya ng'ombe wangu."

Kwa hiyo nauliza mara ya pili na sitauliza ya tatu. Mwaka ule wa kwanza uliniandikia kwamba chini ya uwanja wenu kuna watu wanaokuja getini na ndoo asubuhi, visima vyao vimekauka. Ulisema unawahurumia. Tangu hapo hukuwataja tena. Wale watu wa ndoo bado wanakuja?

Nijibu hilo tu. Mengine nitayasoma katikati ya mistari.

Shangazi yako

*

30 Julai 1996

Shangazi yangu,

Shikamoo tena na tena. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Nimeanza jibu mara kadhaa na kuchana. Fundi mitambo ameniuliza kama namwandikia mchumba, nikamwambia ni zaidi ya mchumba, mchumba angekuwa ameshakata tamaa.

Wale watu wa ndoo hawaji tena. Siku hizi getini kumetulia.

Uwanja ukitunzwa na mtu mwenye akili hauna ubaya, Shangazi. Ubaya unaletwa na wanaomwagilia mchana kweupe jua likiwaka, na wanaomwaga dawa kama wanaosha gari. Mkuu wa nyasi akiwa ni mtu wa pale pale, anayejua chemchemi ni ya nani, atafungua bomba kwa kiasi. Nani atakayeionea huruma kuliko mimi?

Nitasema ukweli wangu mwingine. Nimechoka huku. Siyo kazi, kazi naiweza. Nimechoka kula chakula nikiwa nimekaa kitandani. Nimechoka kusikia habari za nyumbani zikiwa zimeshapoa. Mzee aliyenifundisha kuogelea alikufa, nikajua miezi mitatu baadaye, nikakaa nyuma ya banda la mashine nikalia peke yangu, na wenzangu wa huko nyumbani wameshamaliza kulia zamani. Nataka kurudi. Nikirudi bila kazi nitakuwa mzigo kwako, na wewe una goti.

Kubali, Shangazi. Waambie majirani mimi nimesema ni salama.

Mwanao

*

18 Agosti 1996

Mwanangu,

Nimekubali. Nimetia sahihi jana, mbele ya Bwana Ramani na watu wawili waliovaa tai. Niliwasomea majirani barua yako pale mwishoni, ulipoandika kwamba ni salama. Niliisoma kwa sauti na kuikunja. Hakuna aliyeomba kuisoma mwenyewe. Muuza maziwa akasema, "Basi tumesikia."

Chumba chako nimekipaka chokaa. Kitanda kimechongewa mguu mpya. Dada yako ameleta chandarua. Sijui wanakuita lini, Bwana Ramani anasema mpaka nyasi zishike, ila mimi nimeshatandika.

Njoo na mashati yako ya petroli. Nitayashughulikia.

Shangazi yako

*

5 Machi 1997

Kifimbo wangu,

Je, hujambo huko? Sisi tupo. Miezi imepita nasikia kampuni imekuandikia usubiri kidogo. Subiri, usiwachoshe kwa maswali. Mvumilivu hula mbivu, ingawa mimi zimeshaanza kunipita.

Hutalitambua bonde. Tingatinga zilifika alfajiri moja, na jua lilipotua ile miti ya kando ya kijito ilikuwa imelala chini yote, na ndege wakawa wanazunguka juu kama watu waliokuta nyumba imehama. Udongo mwekundu ulikuja na malori. Kisha nyasi, zimekunjwa kama mazulia, wakazikunjua. Ni nzuri, sikatai. Wachezaji wameanza kuja siku za mapumziko. Nimewatazama nikianika. Mtu mzima anapiga kimpira kwa nguvu zake zote kiende mbali, halafu anakifuata mwenyewe kwa miguu, anakipiga tena. Nikamwambia muuza maziwa, huyu angekiacha tu mfukoni. Hakucheka. Siku hizi hacheki nami sana.

Chemchemi wameijengea kuta nusu na kuingiza bomba. Upande uliobaki wametuachia tuteke, nami nafulia pale pale chini yake kama zamani.

Kazi imeongezeka, hilo nikwambie. Klabu yote inafua kwangu. Taulo, vitambaa vya meza, na ovaroli za vijana wa uwanjani. Taulo ni raha. Ovaroli za wale wapuliza dawa ndizo kazi, zina harufu ya kukamata koo na zinakauka zikiwa ngumu magotini. Naziloweka tangu jana yake kwenye karai kubwa, kisha nazisuuza kwenye mkondo. Nilidhani nina sabuni mbaya, maana mikono imeanza kuniwasha na kuchubuka kati ya vidole. Nimebadilisha sabuni, bado. Basi ni uzee. Vile visamaki vidogo vya mkondoni navyo sivioni, labda vimehama kwa kelele za tingatinga.

Halafu mashuka ya nyumba ya wageni yanatoka na rangi ya kijani kibichi kwenye pindo, kama yamelala juu ya majani. Natia bluu ya kufulia mara mbili. Mwenyewe hajasema kitu, ila ameyaangalia.

Usije na wasiwasi. Njoo tu.

Shangazi yako

*

2 Aprili 1997

Shangazi,

Naandika haraka, dereva wa lori la mbolea anaondoka na ataitia barua hii posta iliyo karibu nawe.

USIFUE OVAROLI ZA WAPULIZA DAWA. Hata moja. Ulizoloweka zitoe kwa kijiti, maji yake yachimbie shimo mbali na mkondo. Nawa mikono kwa sabuni na maji ya mvua, usinawe ya chemchemi. Mwambie muuza maziwa asinyweshe ng'ombe chini ya hapo unaposuuzia. Mwambie leo.

Huku kwetu zinafuliwa peke yake kwenye pipa, na anayezifua anavaa glavu mpaka mabegani. Dawa ile inaua magugu, na nyingine inaua wadudu wanaokula mizizi, mpaka nyungunyungu, kwa sababu wakijenga vile vichuguu vyao mpira unaruka vibaya. Tunaua kila kitu kisichokuwa nyasi, Shangazi. Ndivyo inavyokuwa nzuri. Nilijua haya yote. Nilidhani watakuwa na mtu wao wa kufua. Haikunijia kabisa kichwani kwamba dobi wa pale ni wewe.

Hiyo kijani ya mashuka ni mbolea. Inashuka na maji na kuotesha utelezi.

Na wale watu wa ndoo. Niliandika kwamba hawaji tena. Hawaji kwa sababu wamehama, kijiji chote, hata bibi kizee aliyekuwa akibebwa mgongoni. Visima vyao havikurudi. Kukawa kimya getini, nami nikakuandikia ule ukimya.

Sasa umejua. Nipige ukipenda, lakini zile ovaroli usiziguse.

Kifimbo

*

19 Agosti 1997

Mpendwa Kifimbo,

Mwandiko huu ni wa dada yako muuguzi, maneno ni yangu. Usishtuke. Sijafa, wala siko karibu. Vidole vimefungwa bandeji ndiyo maana kalamu nimempa yeye. Naye anataka kuongeza yake, nimemkataza.

Barua yako ilifika. Ng'ombe wawili wa muuza maziwa walikuwa wameshakufa. Sikumwambia kwa sababu gani. Nilimwambia asinyweshe pale, basi. Yeye si mjinga. Alitazama karai langu kubwa, na mimi nikawa natazama mikono yangu, na hapo urafiki wetu ukaisha, bila tusi hata moja. Afadhali angenitukana.

Ovaroli nilizirudisha klabu. Wakaniambia anayefua ovaroli ndiye anayefua taulo, kwa hiyo nikabaki bila vyote. Nyumba ya wageni imepeleka mashuka mjini. Na maji yenyewe, mwanangu, yamepungua mpaka ukiinamisha ndoo haizami. Unakinga kwa kikombe. Kiangazi hakijafika hata katikati.

Dada yako alikuja na gari la kukodi, akasema, "Mama, panda." Nikapanda. Tunakaa ghorofa ya tatu. Maji yanatoka ukutani, yananuka dawa, povu halifiki hata kifundo cha mkono. Ana mashine ya kufulia. Unaiwekea nguo, inazungusha kichwa chake, unakaa ukiitazama kama mgonjwa. Nimeitazama sana.

Usiache kurudi kwa sababu yangu. Nimesikia wamekuita. Ufunguo wa nyumba uko kwa muuza maziwa. Nilimpa, akaupokea, ila hakuniangalia usoni. Mlango wa chumba chako unahitaji kusukumwa kwa bega.

Habari za watu wa ndoo tuziache.

Shangazi yako

*

26 Oktoba 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mikono inaendeleaje? Dada amenipigia simu klabuni, anasema mmoja umepona na mwingine unagoma. Mwambie nimemkumbuka, na asikupe kazi hata ya kukunja soksi.

Nimerudi. Ni wiki ya tatu sasa nalala chumbani kwangu. Chokaa yako imekaa vizuri. Kamba za nguo bado ziko, vibanio vimejipanga kama ulivyoviacha, na kila nikitoka nje naona pale panapotakiwa pawe na wewe pana uwazi tu. Pasi ya mkaa nimeipangusa na kuirudisha. Nilidhani nikirudi nitasikia nimefika. Sijasikia.

Mimi ndiye mkuu wa nyasi. Nina vijana kumi na moja, kofia yenye nembo, na baiskeli ya klabu. Chemchemi imefunikwa yote kwa zege. Juu kuna mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo wake ninao mimi, uko hapa mezani ninapoandika. Nilimwambia Bwana Ramani kwamba kiangazi hiki tuache njia za kati ya shimo na shimo zikauke, zigeuke rangi ya majani makavu, mvua ikija zitaamka zenyewe, na tumwagilie karibu na mashimo tu. Nimeyaona yakifanyika. Akaniambia wageni hawasafiri kuja kutazama majani makavu. Kuna mashindano mwezi ujao.

Juzi muuza maziwa alikuja getini na ndoo mbili. Nikamwamkia. Akasema, "Shikamoo yako haimnyweshi ng'ombe." Nikamjazia zote mbili. Jana wakaja watu wengi, wengine sikuwa nawafahamu, pengine ni watoto waliokua nikiwa sipo. Nikawajazia nao. Leo Bwana Ramani ameniita ofisini. Amesema kwa upole, yeye si mtu mbaya, kwamba mimi nisichanganye kazi na ujirani, na kwamba kuanzia Jumatatu ya tarehe tatu geti lifungwe. Nisipoweza kulifunga mimi, yuko atakayeweza, na huyo hataijua chemchemi ni ya nani.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikifunga, ninakuwa yule niliyemkimbia kule, aliyewatazama watu wa ndoo wakiondoka. Nikifungua, wananitoa, anakuja mwingine anafunga, na mimi narudi kule kwenye banda la mashine kama watanipokea. Nikiwa na ufunguo angalau naweza kuiba kidogo kidogo kwa ajili yao. Au ninajidanganya. Nimezunguka humu ndani mpaka nimechoka.

Niambie la kufanya, Shangazi. Ukisema fungua nitafungua. Ukisema funga nitafunga. Na ukikubali njoo nyumbani, mimi nitakutunza, mshahara unatosha, maji ya kunywa klabu wananipa ya chupa.

Nakusubiri.

Kifimbo

*

14 Novemba 1997

Mwanangu Kifimbo,

Marahaba. Mwandiko ni wangu, umepinda kwa sababu kidole gumba bado kinajidai. Dada yako yuko kazini. Hapa ghorofani watu ni wema, hawajuani, ila wanashikiana mlango wa chini. Mama wa ghorofa ya pili amegundua kwamba najua kupiga pasi suti, basi sina upweke.

Nimechelewa kukujibu, na Jumatatu yako imeshapita. Nilichelewa makusudi. Barua yako ilifika mapema, ningeweza kukupigia simu klabuni ukanisikia siku ile ile. Sikutaka. Ulikuwa unaniomba nikupe neno ukasimame nalo getini, ukiulizwa useme, "Shangazi kasema." Najua ombi hilo linavyotamkwa, kwa kuwa mimi nilikuomba wewe vivyo hivyo.

Nikwambie tulichokiacha. Ulipoandika kwamba watu wa ndoo hawaji tena na getini kumetulia, nilielewa pale pale. Mtu wa ndoo haachi kuja kwa kuwa amepata nafuu halafu wewe ukakosa cha kusema zaidi ya mstari mmoja. Angekuwa amepata maji ungenijazia ukurasa, na kisima kimechimbwa na nani, na bibi gani alicheza. Nimekulea, nakujua ukizunguka na nakujua ukinyamaza. Nilijua wamehama au wamekufa. Kisha nikasoma pale ulipolia nyuma ya banda, nikafika mwisho ulipoandika ni salama, nikachukua mwisho na kuwapelekea majirani. Maneno ya juu niliyakunja ndani. Wewe unadhani ulinidanganya, na umejitesa bure mwaka mzima. Hukunidanganya. Ulinipa nilichokuwa nakitafuta.

Nilikutaka nyumbani, Kifimbo. Hiyo ndiyo habari yote. Kila jioni nikikusanya nguo kambani nilikuwa nakunja na shati moja ambalo halikuwepo. Bwana Ramani aliposema mkuu wa nyasi, sikusikia tena kitu kingine alichosema. Muuza maziwa aliuliza habari za ng'ombe, mimi nikawa nawaza chokaa ya chumba chako. Yeye aliniamini kwa sababu ya maji tuliyokunywa pamoja, nami nikampa mtu mwenye tai maji hayo nipate mtoto. Na ningeulizwa tena siku ile ile, kwa moyo ule ule, naogopa kwamba ningetia sahihi tena. Hilo ndilo linaloniliza, siyo mikono.

Kwa hiyo la geti sikuambii. Sijui ulifungua au ulifunga, na ukiniandikia nitasoma, nitakupenda kwa lolote, lakini wenye haki ya kukusifu au kukulaumu wako hapo nje wamesimama. Wamwangalie mtu, wasiangalie barua. Muuza maziwa mpe salamu zangu. Asipozipokea usimlazimishe.

Kuja siji. Nimelifikiria, nikafunga hata mkoba wa nguo, dada yako akanikuta nao mlangoni. Nikaufungua mwenyewe. Dobi bila maji atakaa hapo afanye nini, ahesabu vibanio? Ninywe ya chupa ya klabu dirishani, na nje majirani zangu wananitazama?

Usihuzunike kupita kiasi. Nilitaka urudi nyumbani, na umerudi. Unalala kwenye kitanda nilichokitandika, nimepata nilichokiomba. Ila nyumbani nilipokuwa nakuitia palikuwa na maji, na majirani, na mimi. Hapo ulipo sipajui.

Shangazi yako